Baba alilipa, steshenari akajaza, dogo akanyamaza: kisa cha mwanafunzi aliyechaguliwa kozi

Kabla hujasoma

Kisa hiki kimetokea hapahapa Dar. Mimi nafanya kazi ya kushauri wanafunzi kwenye chuo kimoja mjini, na familia yenyewe imeniruhusu nikiandike ili wengine wajifunze. Majina nimebadilisha, chuo alichoanzia sikitaji, na vitu vidogovidogo ambavyo vingemfanya jirani yao ajue ni nyumba gani nimeviondoa. Kijana nitamwita Hamisi.

Kila mwaka matokeo ya fomu siksi yakitoka naulizwa swali hilohilo, mwanafunzi wa chuo achague mwenyewe cha kusoma au achague mzazi anayelipa? Msimamo wangu nauweka wazi kabisa: achague mwanafunzi, kwa sababu yeye ndo atabeba matokeo ya hilo chaguo kila siku ya maisha yake ya kazi. Ila kumwambia mtu "chagua" na kumuwezesha achague ni vitu viwili, na kisa cha Hamisi kinaonyesha vizuri sana pengo lililopo hapo katikati.

Familia na mazingira

Kwao ni Kimara, yeye ndo wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba ni mhasibu. Alianza kama karani, akawa anasoma jioni baada ya kazi, akapiga mitihani ya bodi ya wahasibu huku ana watoto wadogo ndani, akarudia baadhi ya mapepa, mwisho akapata CPA. Nyumba wanayokaa ameijenga kwa hiyo kazi, ada za watoto zimetoka hapo, na mdogo wake mmoja kasomeshwa hapohapo. Kwa hiyo akisema "hakuna ofisi isiyo na mhasibu" anaongea kitu alichokiishi, na hata nilipokuwa sikubaliani naye sikumchukulia kama mzee mkorofi, maana sio.

Hamisi alisoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, akatoka na division two, hesabu ana B. Hiyo kombi inafungua milango mingi: uhasibu, uchumi, takwimu, bima, masuala ya ardhi, mipango miji. Na mipango miji ndo ilikuwa moyoni kwake. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kutoka Kimara mwaka 2016 alikuwa na tabia ya kuandika kwenye daftari njia za daladala, zipi zimeondolewa, zipi zimeanzishwa, abiria wanaotoka ndani huko mitaani wanafikaje barabarani. Mtoto wa shule huyo. Nyumbani waliona ni mchezo tu.

Kuna kitu kuhusu mfumo wetu inabidi nikiseme hapa, maana bila hicho huwezi kuelewa kwanini chaguo moja linauma kiasi hiki. Sisi ukiingia chuo unaingia na kozi mkononi. Umedahiliwa uhasibu, basi wewe ni mwanafunzi wa uhasibu kuanzia siku ya usajili, na masomo mengi ya miaka mitatu yameshapangwa, unachobaki kuchagua ni vikozi viwili vitatu vya hiari kwa mwaka. Marekani vyuo vingi vinamruhusu mwanafunzi asome mchanganyiko mwaka wa kwanza na wa pili halafu ndo atangaze fani yake. Wetu tumeurithi kwa Waingereza, unataka mtoto wa miaka kumi na tisa ajue kabisa anaenda wapi. Na ukweli ni kwamba chaguo lenyewe linaanza fomu foo kwenye selform, ile fomu ya kuchagua kombi, maana ukishapewa kombi, nusu ya kozi za chuo zimeshafungwa kabla hujazisikia hata majina.

Siku ya maombi

Matokeo yalitoka, dirisha la kwanza la udahili likafunguliwa. Siku hizi kila chuo unaomba kwenye mfumo wake, ule mfumo mmoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa kuomba vyote kwa pamoja ulisimama 2017, kwa hiyo ukiomba vyuo vitatu ni fomu tatu na malipo matatu. Baba akamchukua Hamisi wakaenda steshenari ya karibu na kituo.

Hamisi alinisimulia hii siku kwa kirefu kuliko kitu kingine chochote. Foleni ya wanafunzi na wazazi, feni inazunguka bila kutoa upepo, kijana wa steshenari anauliza namba ya mtihani huku anachapa. Alipofika kwenye machaguo akamgeukia baba, wala hakumwangalia Hamisi, akauliza, "Tuweke nini mzee?" Baba akajibu, "Uhasibu. Zote weka uhasibu." Hamisi ameshika cheti cha kuzaliwa na karatasi ya matokeo, amesimama nyuma ya kiti. Hakusema kitu.

Alishawahi kusema, mara moja, wakiwa mezani wanakula. Alikuwa amesoma kwenye simu mwongozo wa udahili wa TCU akaona kozi ya mipango miji na mikoa pale Chuo Kikuu Ardhi, na sifa za kuingia anazo. Baba akacheka kidogo, akasema, "Mipango miji? Mji gani uliopangwa hapa?" Yakaishia hapo.

Kingine, na hiki nakiona kwa wanafunzi wengi mno: emaili iliyotumika kwenye ile akaunti ilikuwa ya steshenari, na nywila aliibuni yule kijana mwenyewe. Kwa hiyo hata kama Hamisi angepata ujasiri usiku wake wa kubadilisha machaguo, asingeweza kuingia. Alikuwa hana ufunguo wa maombi yake mwenyewe.

Mwaka wa kwanza ulivyoenda

Alipata chuo kimoja hapa mjini, kozi ya uhasibu, akawa anatokea nyumbani Kimara. Ada ni milioni na ushee kwa mwaka, mkopo hakupata, baba akalipa yote.

Daftari lake la uhasibu wa fedha nimeliona kwa macho. Wiki za mwanzo ni safi, mistari imepigwa kwa rula, debiti kushoto, krediti kulia, trayo balansi imekubali, yaani jumla za pande mbili zimelingana. Kuanzia kama wiki ya nne hivi pembeni ya kurasa zinaanza kuonekana njia panda, mishale, mzunguko wa magari pale Ubungo. Baadae kuna kurasa nzima hazina hesabu hata moja. Mtu aliyeshika hesabu za fomu siksi vizuri vile hawezi kushindwa trayo balansi, huyu alikuwa tu hayupo darasani hata siku alizokuwa amekaa kwenye kiti.

Semista ya kwanza akapata sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Baba alipouliza akasema matokeo hayajapandishwa. Semista ya pili akaanza kukosa testi, anaaga nyumbani asubuhi vizuri kabisa, anapanda basi, anashuka Jangwani au Magomeni, anatembea. Mama akagundua kabla ya baba, kwa sababu viatu vilikuwa vinarudi na tope la mtoni. Akanyamaza, akiogopa kelele ndani ya nyumba. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza kwa sababu za mapenzi, na kila aliyenyamaza aliongeza ukubwa wa tatizo.

Mwalimu wake mmoja ndo aliona kwamba alama za testi hazifanani na akili ya huyu kijana anapoulizwa swali ana kwa ana. Akamleta kwangu.

Alipokuja ofisini

Sentensi yake ya kwanza baada ya shikamoo ilikuwa, "Mwalimu mimi sio mjinga wa hesabu." Nikamwambia najua, nimeona matokeo yako. Nikamuuliza ukikosa kipindi huwa unaenda wapi. Akasita, halafu akatoa daftari lingine kwenye begi.

Ndani kuna ramani aliyochora kwa mkono ya maji yanavyoshuka kutoka mitaa ya juu ya Kimara na Ubungo kuingia kwenye vijito mpaka Mto Msimbazi, ule unaotoka milima ya Pugu na kupita Jangwani hadi baharini pale Salander. Kila mahali ambapo mtu amejenga ukuta juu ya njia ya maji ameweka alama. Pembeni kaandika ni mtaa gani unajaa kwanza mvua ikinyesha na upi unafuata. Alijua pia kwamba Dar ilishachorewa mipango mikuu ya 1949, 1968 na 1979, na alikuwa na maswali mazuri kuhusu kwanini watu walijenga mabondeni wakati mipango hiyo ilikuwepo. Hakuna aliyemtuma. Hakuna alama aliyopewa kwa ajili ya hiyo kazi.

Nilifurahi, sitaficha. Lakini kufurahi kwangu hakumlipii mtu ada, na kuna vijana wengi wanapenda kitu kwa mbali, wakikisogelea wanakuta sio walichodhani. Kwa hiyo nikamwekea mezani njia tatu na gharama ya kila moja. Ya kwanza, abaki uhasibu, asafishe sapu, amalize, halafu baadae asome mipango kwenye shahada ya pili kama itawezekana. Ya pili, ahamie kozi nyingine ndani ya chuo kilekile, ambapo mipango miji haikuwepo kwa hiyo ingekuwa kuhama uhasibu kwenda kitu kingine asichokitaka. Ya tatu, aache rasmi, aombe upya kwa matokeo yake ya fomu siksi, aanze mwaka wa kwanza kama mgeni kabisa, mwaka uliopita uhesabike umekwenda.

Tuliyoamua na sababu zake

Hamisi alitaka ya tatu, na aliitaka kesho asubuhi. Tukakubaliana ya tatu iwe na masharti.

Sharti la kwanza lilikuwa asafishe sapu zote kabla ya kuondoka. Wanafunzi wengi hili hawalielewi, wanaona kozi naiacha sasa sapu za nini. Sababu ya kwanza ni kwamba kuondoka kwa kudisko, yaani kufukuzwa kwa kufeli, na kuondoka kwa barua yako mwenyewe huku umefaulu ni rekodi mbili tofauti. Sababu ya pili ilikuwa baba. Mtoto akija na sapu akasema "nataka kozi nyingine", mzee yeyote mwenye akili timamu atajibu "hata huko utafeli". Akija na matokeo masafi akasema nimeweza lakini sitaki, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Na barua ya kuacha iandikwe rasmi, isiwe kutoroka, maana jina likibaki kwenye mfumo wa udahili kama mwanafunzi wa chuo kingine utasumbuka sana kupokelewa upya.

Sharti la pili, aende akaione kazi yenyewe. Sio chuo, kazi. Shangazi yake, dada wa baba, nesi mstaafu, alikuwa anafahamiana na afisa mipango miji kwenye halmashauri moja ya jirani, akamuombea Hamisi akajitolee likizo kwenye zoezi la urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima mitaa iliyojengwa bila mpango. Huko hakuchora mji wowote mpya. Alishika tepu juani, alibeba bikoni za kuwekea mipaka, alikaa kwenye mikutano ya mtaa ambayo watu wanagombana kuhusu mita mbili za barabara. Siku moja mama mmoja mjane aliambiwa mchoro unapita kwenye choo chake, akalia mbele ya mkutano mzima, na afisa ikabidi asimamishe kila kitu, watembee wote mpaka kwake, wakatafuta namna barabara ikasogea upande wa pili ambako jirani alikubali kutoa ukuta. Hamisi aliporudi aliniambia, "Kumbe kazi yenyewe ni kuongea na watu." Nikamuuliza bado unataka? Akakaa kimya muda mrefu kidogo, akasema ndio, zaidi ya mwanzo. Hilo jibu niliamini kuliko lile la ofisini siku ya kwanza.

Sharti la tatu, baba aambiwe, na aambiwe na Hamisi mwenyewe akiwa ameshatimiza mawili ya kwanza. Hapa mila zetu zilitusaidia kuliko kitabu chochote cha ushauri. Mtoto wa kiume na baba yake kwenye jambo kama hili hawawezi kukaa wawili tu. Shangazi ndo aliitisha kikao.

Kikao cha Kimara

Nilialikwa. Kilikuwa Jumapili jioni, baba, mama, shangazi, Hamisi na mimi. Baada ya salamu na chai shangazi akafungua: "Kaka, mtoto ana neno, naomba tumsikilize mpaka mwisho halafu na wewe utasikilizwa mpaka mwisho."

Hamisi akaanza na uongo wake. Akasema matokeo yalishatoka muda mrefu, nilikudanganya baba, nisamehe. Akatoa karatasi ya semista ya kwanza yenye sapu, halafu ya baada ya sapu yenye kufaulu. Kisha akaeleza anachotaka. Baba hakupiga kelele kabisa, na hiyo ndo iliwaogopesha wote. Aliangalia zile karatasi, akauliza swali moja: "Milioni yangu na nusu imeenda wapi?" Nusu ilikuwa nauli na chakula, alikuwa ameshapiga hesabu kichwani.

Halafu akasema hoja yake, na naiandika kwa uzito wake kwa sababu ni hoja ya wazazi wengi wa mji huu. Akasema hapa mtaani kuna vijana wana digrii wanaendesha bodaboda. Uhasibu una bodi, una mitihani, ukipata CPA umeshika kitu ambacho mtu hawezi kukunyang'anya. Kwenye mipango miji mwajiri mkubwa ni serikali, na serikali ikisimamisha ajira unaenda wapi? "Mimi sikatai ndoto. Nauliza nani atalipa ndoto ikichelewa."

Hamisi hakuwa na jibu kamili. Alisema kuna makampuni binafsi ya upimaji na upangaji ambayo ameyaona kwenye ule urasimishaji, na kwamba wapangaji miji nao wana bodi yao ya usajili kisheria. Alisema pia, na hapa sauti ilimtoka kwa shida, "Baba, uhasibu nikiusoma miaka yote mitatu nitaupata. Ila sitakuwa mhasibu kama wewe. Nitakuwa mhasibu mbaya."

Mama ndo aliyegeuza kikao. Hakuwa ameongea kitu mpaka wakati huo. Akamkumbusha mumewe kwamba marehemu babu alitaka awe mwalimu, akakataa akaenda ukarani. Mzee akainama.

Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, wote wakaweka sahihi. Baba atalipa ada ya mwaka wa kwanza tu kwenye kozi mpya. Hamisi ataomba mkopo Bodi ya Mikopo kila dirisha likifunguliwa. Akipata sapu zaidi ya moja kwa mwaka, anarudi mezani. Na maombi safari hii anajaza mwenyewe, kwa emaili yake na simu yake.

Ilivyoishia

Alipata nafasi Ardhi, sasa yuko mwaka wa tatu. Sio hadithi ya kupaa. Mwaka wa kwanza masomo ya studio yalimtesa, wenzake waliotoka kwenye mchepuo wa ufundi wanachora vizuri kuliko yeye, akakesha sana. GPA yake inazunguka tatu nukta sita, upper second, sio ya kutangaza. Mkopo hakupata mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akapata kiasi. Baba alivunja mkataba kwa upande mzuri, aliendelea kulipa pengo lililobaki bila kusema.

Gharama ilikuwepo na iliumiza wengine. Ule mwaka uliopotea ulisogeza mipango ya nyumbani, mdogo wake wa kike alihamishwa kutoka shule ya kulipia akaenda ya serikali, na huyo binti hakuulizwa kwenye kile kikao. Wanaotetea uhuru wa mwanafunzi kuchagua, na mimi nikiwemo, hatuna haki ya kuuacha huu mstari nje ya hesabu.

Kitu ambacho hakuna aliyekitarajia ni kwamba uhasibu wa ule mwaka mmoja unamsaidia. Kwenye kazi za kikundi za gharama za mradi yeye ndo anashika bajeti, wenzake wanamuita "si efu o", yaani mkuu wa fedha. Baba aliposikia alicheka kwa sauti, mama anasema ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Uchambuzi: nani ana haki ya kushika kalamu

Tuanze na hoja ya "anayelipa ndo achague", maana ina historia yake nchini. Miaka ya sitini na sabini serikali ilikuwa inasomesha wanafunzi wa chuo kikuu, na nafasi za fani zilipangwa kwa kuangalia mahitaji ya taifa ya wataalamu. Azimio la Musoma la 1974 lilienda mbele zaidi, likataka aliyemaliza fomu siksi akafanye kazi kwanza ndo aingie chuo kikuu. Unaweza kuupinga ule utaratibu kwa sababu nyingi, ila ulikuwa na uaminifu fulani ndani yake: aliyekuchagulia ndo huyohuyo aliyekuajiri. Serikali ikikwambia kasome uhandisi, ukimaliza kazi ya uhandisi unaikuta. Mzazi wa leo anayemwambia mtoto "soma uhasibu" hana ofisi ya kumpa. Amechukua madaraka ya kupanga bila uwezo wa kutimiza, na mtoto akikosa kazi au akiichukia, mzazi hawezi kuibeba kwa niaba yake hata akitaka.

Kwa anayesoma kwa mkopo jambo liko wazi zaidi. Deni liko kwenye jina lake, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Mtu atakayekatwa miaka yote hiyo kwa sababu ya kozi fulani lazima awe ameiweka yeye.

Lakini pesa inampa mzazi haki moja ambayo naitetea kwa nguvu: haki ya kuuliza na kujibiwa. Maswali ya yule mzee yalikuwa bora kuliko mengi yanayoulizwa kwenye semina za kuchagua kozi. Yalimlazimisha Hamisi atafute majibu kuhusu waajiri, bodi ya usajili, kampuni binafsi. Laiti yangeulizwa mezani ule usiku wa kwanza badala ya kicheko, kusingekuwa na mwaka wa kupotea.

Kilichofanya kazi

Kuiona kazi kabla ya kuiomba kozi, hiki nakiweka juu ya vyote. Ule muda juani na bikoni ulimpa Hamisi kitu ambacho mwongozo wa TCU hauwezi kumpa. Vyuo vyetu vinampeleka mwanafunzi fildi akiwa ameshadahiliwa, ambapo akigundua hapapendi ameshachelewa. Likizo ya kusubiri matokeo ya fomu siksi ni ndefu, na mtu anaweza kukaa siku chache kwenye gereji, maabara, ofisi ya halmashauri, duka la dawa, kwa kuomba tu kwa heshima. Wanaoomba ni wachache mno.

Kusafisha sapu kwanza nako kulilipa, kwa sababu kuliondoa swali la uwezo mezani likabaki swali la mwelekeo. Na shangazi. Sijui ningefanyaje bila yeye, nadhani ningeshindwa. Kila familia ina mtu ambaye baba hawezi kumkatisha akiongea, mshauri wa chuo kazi yake ni kumtafuta huyo mtu.

Kilichoshindikana

Steshenari. Sisemi kijana yule ni mbaya, anafanya kazi anayolipwa. Ila tumeacha uamuzi mkubwa wa maisha ya mtu ufanyike kwenye foleni, na mtu ambaye hamjui, kwa emaili ambayo mwombaji hawezi kuifungua. Kwa mwanafunzi yeyote anayesoma hapa: fungua emaili yako, tunga nywila yako, iandike mahali. Ukienda steshenari nenda kuchapisha na kuskani, machaguo uwe umeshayaandika kwenye karatasi ukiwa nyumbani.

Shule ya sekondari pia ilishindwa. Miaka miwili ya EGM hakuna mtu alimkalisha Hamisi akamuonyesha orodha ya kozi ambazo ile kombi inafungua. Mipango miji aliipata mwenyewe kwenye simu. Wenzake ambao hawakuperuzi waliingia kozi walizozisikia kwa kaka zao.

Na kuna jambo moja ambalo napishana na wanaotaka mwanafunzi achague kila kitu. Ukishaingia kwenye fani uliyoitaka, sio kila somo ndani yake liwe la hiari. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wanasoma Taaluma za Maendeleo watake wasitake, na kila mwaka kuna wanaolalamika kwamba hawakuja kusoma siasa. Mhandisi atakayejenga daraja kwenye kijiji asichokielewa anahitaji lile somo hata kama halipendi. Hamisi mwenyewe asingechagua somo la sheria za ardhi, anasema linamchosha, na ndo somo lile ambalo lingemsaidia siku ya yule mama mjane. Chaguo la mwanafunzi liwe kwenye fani na kwenye kozi za hiari, misingi ya fani waachiwe wanaoifahamu.

Binti

Yule mdogo wake sasa yuko fomu foo, selform iko njiani. Baba safari hii alimuuliza anataka kombi gani. Binti akajibu "yoyote tu baba." Mzee akanipigia simu amechanganyikiwa, anasema nimewapa uhuru na bado hawautumii.

Nilimwambia huyo binti hajawahi kuulizwa kitu chochote kikubwa mpaka siku hiyo, hata shule alihamishwa bila kuulizwa, asitegemee jibu litoke kwa swali moja. Tumepanga aje mjini siku za Jumamosi, aanze na shangazi wodini kwa wenzake wa zamani, halafu na kaka yake kwenye studio ya Ardhi, halafu na baba mwenyewe ofisini akaone uhasibu unavyofanyika, maana kumbe wote watatu hawajawahi kuingia kwenye ile ofisi. Baada ya matokeo ya fomu foo kuna muda wa kubadilisha machaguo kwenye mfumo wa TAMISEMI, kwa hiyo selform ya kwanza sio mwisho wa safari. Na tahasusi zenyewe, yaani hizo kombi, zimeongezwa tangu 2024, kuna mchanganyiko ambao kaka yake hakuwa nao. Baba amekubali Jumamosi zote isipokuwa zile za kufunga hesabu za mwezi.